Neno, Meza na Jirani: Somo la Sharika Zilizobaki Peke Yake

Utangulizi

Usharika ni nini, nao upo kwa kazi gani? Swali hili huulizwa kila mwaka katika madarasa ya vyuo vyetu vya theolojia, na mara nyingi hujibiwa upesi kwa kifungu cha saba cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530: Kanisa ni mkutano wa watakatifu, ambamo Injili hufundishwa kwa usafi na sakramenti hutolewa kama ipasavyo. Mwanafunzi akishalijibu hivyo hupata alama zake, naye huenda zake. Lakini akisha kubarikiwa na kupelekwa kwenye usharika wenye mitaa saba, wenye jengo lisilokwisha na deni lisilolipika, ndipo anapotambua ya kuwa jibu lile alilijua kwa kichwa tu. Wiki yake nzima huliwa na vikao, harambee na taarifa, na kifungu cha saba hubaki darasani alikokiacha.

Katika makala hii tunakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutatazama nyakati mbili ambapo sharika za Kilutheri katika nchi hii ziliachwa bila wamisionari: mara ya kwanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mara ya pili mwanzoni mwa Vita vya Pili. Tumechagua nyakati hizo kwa sababu kitu huonekana vema jinsi kilivyo pale kinapoondolewa vile vilivyokiegemeza. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi hatukusudii kuwasifu wazee wetu tu. Twataka kuona walikuwa na nini, na walikosa nini, ili tujipime sisi wenyewe.

Msingi uliowekwa kabla ya 1914

Misioni ya Leipzig ilianza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Katika mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo wa 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, katika nchi ya Wameru. Mwanzo huo wa shida haukuizuia kazi. Shule zilienea, na pamoja na shule wakaenea walimu. Mwalimu wa siku zile hakuwa mfundishaji wa kusoma na kuandika peke yake. Alihubiri siku ya Jumapili, aliwaandaa wakatekumeni, alizika wafu na kusuluhisha wagombanao. Kwa watu wengi wa kijijini, uso wa Kanisa ulikuwa uso wa mwalimu.

Huko Buhaya mambo yalikuwa na mwanzo wa namna nyingine. Kabla wamisionari wa Betheli hawajafika mwaka 1910 wakiongozwa na Ernst Johanssen, walikuwako tayari Wahaya waliokuwa wamejifunza Injili kutoka Buganda na kusoma Maandiko kwa Kiganda. Yaani wasomaji walimtangulia mchungaji. Watu waliisikia habari, wakakutana kuisoma, na baadaye ndipo wakapata mtu wa kuwahudumia kwa sakramenti. Jambo hili hatuna budi kulikumbuka kila tunaposikia ikisemwa kwamba Kanisa letu lililetwa likiwa limekwisha kutengenezwa, kama mzigo upakuliwao bandarini.

Kati ya wamisionari wa Kilimanjaro, aliyeufikiri usharika kwa kina kuliko wengine alikuwa Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938. Gutmann aliona kwamba Mchaga hakuwa mtu wa peke yake. Alikuwa mtu wa ukoo, wa majirani na wa rika. Vifungo hivyo vitatu, alifundisha, ni zawadi ya Muumba, na usharika wapaswa kujengwa juu yake bila kuvikata. Kwa hiyo alitaka wazee wa kila ujirani wawajibike kwa watu wao, na vijana wa kipaimara wafungamane wao kwa wao katika vikundi vidogo vya kutunzana. Fikra hizo alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1925, Gemeindeaufbau aus dem Evangelium, yaani kuujenga usharika kutokana na Injili.

Mwaka 1920: Neno lilibaki, Meza ikapungua

Baada ya Ujerumani kushindwa vitani, wamisionari wake waliondolewa nchini. Wale wa Bukoba walikuwa wamekwisha kuondolewa tangu wakati wa vita. Wa Kilimanjaro waliachwa kwa muda, lakini mwaka 1920 nao wakapakiwa melini. Miongoni mwa wachache walioruhusiwa kubaki alikuwa Leonhard Blumer wa Arusha, kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa Estonia. Mtu aliyeyatazama mambo kwa mbali angeweza kudhani kwamba kazi ile imekwisha. Walikuwa wameondoka waliobatiza, waliosimamia fedha, walioandika barua Ulaya na waliomiliki funguo.

Kazi haikuisha. Walimu waliendelea kuhubiri na kufundisha, na wazee waliendelea kukaa katika mabaraza yao. Katika Buhaya, Andereya Kajerero na wenzake waliwashika waumini pamoja katika miaka mirefu, huku mamlaka zikibadilika na wamisionari wa Kimethodisti kutoka Afrika Kusini wakija kulisimamia eneo hilo na kisha kuondoka. Kaskazini walikuja wamisionari wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani, nao baadaye wakahamia Iramba. Tangu 1925 Wajerumani wakaanza kuruhusiwa kurudi. Waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta sharika, na baadhi ya walimu walikuwa wamezoea kuamua mambo wenyewe, hata haikuwa rahisi tena kuwaongoza kama watoto.

Basi tuulize: ni nini kilichozishika sharika hizo? Haikuwa fedha, kwa maana ile ya kutoka Ulaya ilikuwa imekatika. Haikuwa mamlaka ya kiserikali, kwa maana serikali mpya haikuwa na sababu ya kuwapendelea watoto wa misioni ya Kijerumani. Kilichozishika ni Neno lililokuwa likisomwa kwa lugha inayoeleweka, na watu waliokuwa wakijuana kwa majina, na wakati mwingine kwa koo zao pia. Mgonjwa alipougua jirani alijua. Mwanakwaya alipokosa kuonekana mwenzake aliuliza. Hayo ni mambo madogo, lakini wakati wa dhiki ndiyo yaliyosimama.

Hata hivyo, tusiifiche aibu iliyokuwamo. Kilimanjaro ilikuwa imehubiriwa kwa miaka ishirini na saba, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyebarikiwa kuwa mchungaji. Walimu waliaminiwa kulihubiri Neno kila Jumapili, lakini hawakuwekewa mikono waisimamie Meza ya Bwana. Wamisionari walipoondoka, walikwenda pamoja na huduma ile. Waumini waliokuwa maelfu wakawategemea wachungaji wachache mno wa kuwazungukia. Neno lilibaki mtaani, lakini Meza ikawa ya safari za mbali na ya kungojea.

Kosa hilo halikutokana na mafundisho ya Kilutheri, bali lilitokana na kutoyafuata. Mwaka 1523 Martin Luther aliuandikia usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, akiutetea kwa hoja za Maandiko kwamba mkutano wa Wakristo una haki ya kuyapima mafundisho yote na kuwaita watumishi wake. Mwaka huo huo aliwaandikia Wabohemia waliokosa maaskofu wa kuwawekea mikono mapadre wao. Aliwashauri wasikae kuwasubiri milele wale wasiotaka kuwasaidia. Waombe, wachague miongoni mwao watu wafaao, wawathibitishe mbele ya mkutano. Shauri hilo lilikuwa limechapishwa karibu miaka mia nne kabla ya 1920, na wamisionari walilijua. Lakini walisema watu bado hawajakomaa. Nasi twajiuliza: waliowalinda waumini peke yao kwa miaka ile yote, walikosa ukomavu gani?

Mwaka 1940: mara ya pili

Somo lilieleweka, ijapokuwa kwa kuchelewa. Katika Buhaya Kajerero alibarikiwa mwaka 1929. Kaskazini wachungaji wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934, miongoni mwao Solomon Nkya na Lazarus Laiser. Hawakuwa wengi, na wamisionari waliendelea kushika usukani. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Miaka sita tu baadaye thamani ya tendo hilo ikaonekana. Vita vilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani walianza kuwekwa kizuizini, na kufikia mwaka 1940 kazi yao ilikuwa imekatika tena. Wamarekani wa Augustana na Waswidi waliziba pengo kwa msaada na usimamizi. Lakini safari hii usharika haukurudi pale ulipokuwa mwaka 1920. Walikuwapo wachungaji wa nyumbani ambao hakuna serikali ambayo ingewapakia melini. Walibatiza, walihubiri, waliungamisha na kugawa mkate na divai. Kutoka katika safu za watumishi wa namna hii ndiko walikopatikana wale walioliongoza Kanisa hadi muungano wa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipokuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, chini ya Askofu Stefano Moshi.

Tofauti ya miaka hiyo miwili ndiyo hoja kuu ya makala hii. Mwaka 1920 sharika zilikuwa na Neno na jirani, lakini Meza ilikuwa imefungwa katika mikono ya wageni. Mwaka 1940 vyote vitatu vilikuwa nyumbani. Usharika wenye vyote vitatu ni Kanisa kamili mahali ulipo, hata kama una paa la majani. Unaokosa kimojawapo ni mgonjwa, hata kama una mnara wa kengele.

Jirani ni nani? Mipaka ya ukoo

Tumemsifu Gutmann kwa kuona kwamba mtu huokolewa akiwa miongoni mwa watu wake. Lakini yatupasa kusema pia alipokwama. Katika Ulaya, hasa baada ya vita kwisha mwaka 1945, walitokea waliomkosoa kwamba fundisho lake lilikaa karibu mno na yale ya damu na udongo ambayo Wanazi waliyatumia kwa uovu. Sisi tunao ukosoaji wa kwetu, nao watoka katika maisha. Ukoo humtunza aliye wa ukoo. Je, mgeni? Je, mjane aliyerudishwa kwao? Je, kijana aliyehamia mji ambako hana hata binamu mmoja?

Jibu lilitoka mahali ambapo wamisionari hawakulitazamia. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda ulifika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930. Watu wa kawaida, wengi wao wasio na cheo chochote, walikutana kuungama dhambi zao waziwazi na kutembea nuruni wao kwa wao. Waliitana ndugu wakivuka koo, makabila na hata madhehebu. Uamsho huo ulileta pia majivuno na hukumu kwa wasiookoka, na wachungaji wengi walichoshwa nao. Lakini ulifundisha jambo ambalo mafundisho ya ukoo hayakuweza kulifundisha: kwamba katika Kristo mtu hupewa ndugu asiozaliwa nao. Askofu Josiah Kibira, mtoto wa uamsho huo, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, aliufanya uhusiano kati ya Kanisa na ukoo kuwa jambo la utafiti wake wa kitheolojia. Aliheshimu ukoo, wala hakuukubali uwe mipaka ya Kanisa.

Kwa hiyo neno jirani katika kichwa cha makala hii tunalielewa kama Bwana alivyolielewa katika Luka 10, alipomfanya Msamaria kuwa kipimo. Ujirani wa usharika huanza na watu wa karibu, lakini haukomi kwao.

Sharika zetu leo

Sasa tujitazame. KKKT ina dayosisi zaidi ya 20, hospitali, shule na vyuo vikuu. Tangu 1990, Kanisa lilipokubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, nusu ya vipawa vya washarika iliyokuwa imezuiliwa ilianza kutumika katika huduma hii. Hakuna tena anayeweza kutupakia melini. Hata hivyo, twaona ishara tatu zinazotusumbua.

Ya kwanza ni hii: kosa la 1920 limerudi kwa sura nyingine. Katika sehemu nyingi mtaa huongozwa na mwinjilisti mwaka mzima. Huyu huhubiri, hufundisha kipaimara, hutembelea wagonjwa na huzika. Mchungaji mwenye mitaa mingi hufika kwa zamu. Mvua ikinyesha na barabara ikikatika, zamu hupita. Yuko mama mzee katika mtaa kama huo, aliyebeba mawe ya msingi wa kanisa kichwani, ambaye sasa hawezi kutoka kitandani. Neno huletewa na mwinjilisti kila juma. Meza humfikia lini? Tuliwalaumu wamisionari kwa kuwaamini walimu kwa mimbara na kutowaamini kwa altare. Nasi twafanya nini?

Ya pili ni kipimo chetu cha usharika. Baada ya ibada ya mavuno mnada hufanyika nje ya kanisa, na mkungu wa ndizi au jogoo wa mjane huuzwa mara tatu ya bei yake, kwa furaha na vicheko. Jambo hilo ni jema, nalo ni letu. Huyo asiye na fedha huweza kumtolea Mungu alichonacho. Lakini fedha ile ikishahesabiwa, na michango ya jimbo na dayosisi ikishatolewa, na jengo likishapata sehemu yake, ni kiasi gani humrudia mjane aliyeleta jogoo? Usharika wa Leisnig tuliotangulia kuutaja uliweka mwaka 1523 hazina ya pamoja, ambayo kazi yake ilikuwa kuwalipa watumishi, kuendesha shule na kuwalisha maskini, yatima na wazee wa mji. Hatusemi kwamba michango ya kwenda juu si halali. Bila hiyo vyuo hivi tunamofundisha visingekuwapo. Twasema kwamba usharika usio na hazina kwa ajili ya maskini wake umesahau nusu ya kazi yake.

Ya tatu ni ya mijini. Katika sharika za Dar es Salaam na Arusha watu huabudu ibada moja kwa mamia, na mtu aweza kuketi kwenye benchi lile lile miaka mitano asijulikane jina. Akifiwa, kifo hutangazwa kama namba ya bahasha. Maaskofu wa Kikatoliki wa Afrika Mashariki walipoweka mkazo juu ya jumuiya ndogo ndogo katika mikutano yao ya 1973 na 1976, walikuwa wakijibu haja hii. Sisi pia tunazo jumuiya za nyumba kwa nyumba. Lakini mara nyingi jumuiya zetu zimegeuzwa kuwa vituo vya kukusanyia michango, na mtu aliyepungukiwa huona aibu kuhudhuria. Hapo jumuiya imekuwa kinyume cha kusudi lake: imemfukuza yule yule iliyewekwa kumtafuta.

Twapendekeza nini?

Hatudai kuwa na dawa ya kila jambo. Lakini historia hii inatuelekeza kwenye mambo machache.

Kwanza, suala la huduma ya sakramenti mitaani lizungumzwe waziwazi katika vikao vyetu. Kifungu cha kumi na nne cha Ungamo la Augsburg chadai kwamba asihudumu mtu hadharani bila kuitwa ipasavyo. Hakisemi kwamba kuitwa ni lazima kupitie miaka mitano ya chuo. Kama mwinjilisti amethibitika kwa miaka mingi, na usharika unamshuhudia, Kanisa lina uwezo wa kumpa mafunzo yanayomfaa na kumbariki kwa ajili ya mtaa wake. Watakaosema kwamba elimu ya uchungaji itashuka, tunawaheshimu. Sisi ni walimu wa elimu hiyo. Lakini twawakumbusha kwamba hoja hiyo hiyo ya kutokomaa ndiyo iliyowanyima Meza waumini wa 1920.

Pili, wazee wa kanisa warudishiwe kazi yao. Mzee wa usharika hakuwekwa awe mhesabu wa sadaka tu. Zamani Chakula cha Bwana kilipokaribia, wazee waliwaendea waliokosana na kuwapatanisha. Kazi hiyo haihitaji bajeti.

Tatu, kila usharika uwe na fungu la maskini lisiloguswa na ujenzi, hata likiwa dogo, na taarifa yake isomwe mbele ya washarika kama zisomwavyo taarifa za jengo.

Nne, jumuiya za nyumbani zianze na Neno na maombi, na michango ifuate mahali pengine na siku nyingine.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza usharika upo kwa kazi gani. Wazee wetu wa 1920 hawakuandika vitabu juu yake. Waliendelea kukutana Jumapili chini ya mwalimu wao, wakingoja Meza ambayo wengine waliichelewesha, na wakatunzana. Walibaki Kanisa kwa sababu Kristo alikuwa kati yao, wala hakuondoka pamoja na meli.

Sisi tunao wachungaji, dayosisi na majengo. Tusipoangalia, twaweza kuwa na hayo yote na tukawa na kidogo kuliko wao. Nanyi wanafunzi mnaojiandaa kupelekwa, mtakapofika kwenye sharika zenu, na kabla hamjauliza jengo limefikia wapi, waombeni wazee wawapeleke kwa wale ambao kwa muda mrefu hawajaifikia Meza ya Bwana. Anzieni hapo.